Uzuri Hauliwi

Mwezi wa Februari 2014, siku chache kabla ya kupewa tuzo ya Oscar kwa kazi yake katika filamu ya 12 Years a Slave, Lupita Nyong'o, binti wa Kenya aliyekulia Nairobi, alisimama katika dhifa ya wanawake weusi wa Hollywood akasimulia utoto wake. Alisema alikuwa akimwomba Mungu aamke mweupe, hata akaahidi kuacha kuiba vipande vya sukari usiku endapo ombi litakubaliwa. Kulipokucha alikimbilia kioo, akaiona rangi ileile.

Ndugu msomaji, nayaandika haya Langas, mtaa wa Eldoret, mbali na bahari iliyonilea. Hapa mafuta ya kujichubua huuzwa vibandani, na mabinti wenye nyuso njema huyanunua kwa fedha ya unga. Mengine yana zebaki, nayo zebaki hudhuru figo. Wala tusiwacheke watu wa bara. Kwetu pwani bi harusi husifiwa weupe kabla hajasifiwa adabu, ilhali kila aliyekaa chuoni akafika Suratu Rum anajua kwamba tofauti ya ndimi na rangi zetu ni miongoni mwa ishara za Mola. Nani ajuzu kuichubua ishara?

Bibi huyu alitaja mambo mawili yaliyomponya. La kwanza ni maneno ya mamake, kwamba uzuri hauliwi, yaani haumshibishi mtu. La pili ni Alek Wek, mwanamitindo mzaliwa wa Sudan, mweusi tititi, ambaye dunia ilimwita mzuri. Lupita alipoona sura iliyofanana na yake ikitukuzwa, aliamini. Naye alipopata jina, msichana mmoja alimwandikia kuwa alikaribia kununua mafuta hayo, akaacha baada ya kumwona.

Hapo ndipo ulipo uzito wa filamu: picha hufundisha hata isipokusudia. Lakini tuzo peke yake haitoshi. Mwaka 2025 Lupita alieleza kwamba baada ya Oscar aliletewa tena kazi za kuigiza utumwa. Mlango ulifunguliwa, akaonyeshwa chumba kilekile.

Basi nawaambia watunzi wa michezo yetu ya televisheni: mpeni binti mweusi nafasi ya mpenzi, ya daktari, ya hakimu, asiwe mtumishi wa jikoni kila siku. Wenye maduka nao wajue kuwa faida ipatikanayo kwa ngozi ya mtoto wa mwenzio haina baraka. Wakaguzi wa bidhaa wasiishie katikati ya mji, wafike na Langas.

Ama sisi wazazi, kazi yetu haihitaji Hollywood. Mwaka 2019 Lupita alitoa kitabu cha watoto, Sulwe, neno la Kijaluo lenye maana ya nyota. Mamake alimwambia yaliyompasa angali mdogo. Nasi tuseme na wetu mapema, kabla mwenye kibanda hajasema nao.