Ruzuku ya mbolea tumeiona, ya kutunza ardhi je?

Wadau, ukiwa kwenye basi la Dodoma kwenda Babati, ukishapita Kondoa mjini hebu chungulia dirishani upande wa vilima vya Kolo. Miti na majani. Mgeni atadhani ndivyo palivyo tangu enzi. Wapi! Miaka ya 70 pale palikuwa makorongo matupu, udongo mwekundu unashuka na maji kila mvua ikinyesha.

Mwaka 1973 serikali, kwa hela za Waswidi, ilianzisha Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO. Wakachimba matuta ya kukinga maji, wakagawa miche. Mbuzi na ng'ombe wakaendelea kula na kukanyaga kama kawa. Basi 1979 ikaja amri: mifugo yote itoke kwenye eneo lililoharibika, kama kilomita za mraba 1,256. Mifugo karibu 90,000 ikaondoka, mingine ikauzwa, mingine ikapelekwa kwa ndugu wa mbali. Mvumi nako zamu yao ilifika 1986.

Tuwe wakweli, ardhi ilipona. Lakini nani alilipia? Mimi naona ni yule mzee mwenye ng'ombe kumi. Maziwa ya wajukuu, samadi ya shamba, mahari ya kijana, vyote vilitoka siku moja na zizi. Ruhusa ya kufuga ng'ombe wa maziwa wa ndani ilikuja 1989, miaka kumi baadaye, na ng'ombe wa kisasa si wa kila mtu jamani.

Linganisha na Marekani. Kule kuna mpango wa dharura: mafuriko au ukame ukiharibu shamba, serikali inabeba hadi asilimia 75 ya gharama za kulirudisha, na kwa mkulima mnyonge hadi 90. Mkulima anachangia, lakini habebeshwi peke yake.

Kwetu ruzuku zipo, tena kubwa. Mwaka 2022 mfuko wa DAP uliozidi shilingi 130,000 ulishushwa hadi 70,000. Safi kwa wa mahindi Mbeya. Mkulima wa uwele Chamwino, ambaye shida yake ni maji kukimbia shambani, kaambulia nini hapo?

Mtasema TASAF ipo. Kweli, awamu iliyozinduliwa 2012 ililipa 2,300 kwa siku, hadi siku 60 kwa mwaka, watu wakachimba malambo na makinga maji. Ila ile inalipa jembe. Unachaguliwa kwa sababu kaya yako ni maskini, unachimba, unasaini, unaondoka. Tuta likibomoka mvua ya pili, la nani? Hakuna anayelipwa kulizibia.

Mimi ningegeuza. Mpe mwenye shamba kidogo mwanzoni, kubwa zaidi lije baada ya misimu mitatu, tuta likiwa limesimama na miti iko hai. Najua mtanirukia: hela italiwa na wajanja wa kijiji. Inawezekana. Lakini siku za kuchimba unaweza kuziandika ukiwa umekaa ofisini; mti unaenda kuugusa, upo au haupo. Na mwenye mbuzi alipwe pia kwa kuwazuia, asipigwe amri kama 1979.

Mdau wa Haubi, Kolo au Mvumi, wazee wako wanasimuliaje? Mifugo yenu ilikwenda wapi?