Mtutu wa Bunduki si Bomba la Maji

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Methali hii tumezoea kuitumia jikoni na sokoni, lakini leo nataka kusafiri nayo mpaka upande wa Ziwa, Migori na Homa Bay, nizungumze juu ya ufundi ambao watu huutaja kwa sauti ya chini, nao ni ufundi wa kutengeneza bunduki. Swali lenyewe ni hili: mtu ana bunduki yake kwa cheti halali cha Serikali, na mtutu wake umekwisha. Ampelekee nani autoe na kutia mwingine?

Bila shaka yuko msomaji wa Mombasa au Lamu atakayeuliza, hayo yatuhusu nini sisi? Yatuhusu sana. Vijana wetu wanafanya kazi huko Bara, na chuma cha bunduki kilicholiwa na unyevu wa Ziwa ni sawa na kile kilicholiwa na chumvi ya bahari yetu.

Kwanza tufahamiane juu ya kitu chenyewe. Mtutu, au kasiba kama wanavyoita wazee, si bomba tu. Ndani yake mna mikato inayozunguka kama uzi wa parafujo, ndiyo inayoizungusha risasi ili iende sawa. Kila risasi inapotoka, moto na gesi ya baruti hula chuma kidogo pale risasi inapoanzia safari yake. Tena fataki za zamani ziliacha chumvi inayovuta unyevu, na asiyesafisha bunduki yake siku hiyo hiyo alikaribisha kutu. Miaka ikipita mikato hufutika, risasi ikaenda ipendako.

Kutia mtutu mpya si kufungua parafujo na kufunga nyingine. Mtutu hukerezwa kwenye mashine mpaka uzi wake ukubaliane na mwili wa bunduki. Kisha huchongwa chumba cha risasi, na nafasi iliyopo kati ya komeo na kitako cha risasi hupimwa kwa vipimo viwili vya chuma. Cha kwanza, komeo lazima lifunge. Cha pili, lazima likatae kufunga. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ni unene wa unywele mmoja au miwili tu! Nafasi ikizidi hapo, ganda la risasi laweza kupasuka, na moto ukamrudia mwenyewe usoni.

Je, watu wa Ziwa hawana mikono ya chuma? Hasha. Huko Migori kuna Thimlich Ohinga, mji wa kuta za mawe yaliyopangwa bila ya udongo wala saruji, ambao ulijengwa tangu karne ya 16 na ukatiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Kuta zake nyingine hufikia mita nne na zaidi, na ndani yake wachimbuzi wameona alama za kazi ya chuma. Wajaluo wanamwita mhunzi jatheth, naye alikuwa mtu wa kuheshimiwa. Hivi leo ukipita vibanda vya jua kali vya Homa Bay utawaona vijana wakitengeneza milango, majiko na vyuma vya mashua, na kazi yao haina aibu.

Basi kwa nini ufundi wa bunduki haukukua hapo? Si kwa upungufu wa akili. Mwaka 1890 mataifa makubwa yalikutana Brussels yakapatana kuzuia silaha katika sehemu kubwa ya Afrika. Bunduki za mikato zilifungiwa, na zile za gumegume, zisizo na mikato, zikaachiwa mlango mwembamba. Ndiyo maana babu zetu walilijua gobori zaidi kuliko bunduki ya kisasa, na fundi aliyelitengeneza gobori hakuwa na haja ya kujifunza kipimo cha unywele. Baadaye, wakati wa ukoloni, bunduki nzuri zilikuwa mikononi mwa walowezi na wawindaji, na duka lao lilikuwa Nairobi. Mwaka 1977 Serikali ya Kenya ikapiga marufuku uwindaji, na ufundi uliotegemea wawindaji ukapoteza wateja wake.

Sheria nayo imeuweka ufundi huu ndani ya uzio. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, mtu anayetengeneza bunduki kwa biashara ahesabiwa kuwa mfanyabiashara wa silaha, na ni lazima aandikishwe. Mwishoni mwa 2018 Serikali iliamuru raia wote wenye silaha wachunguzwe upya. Wako wanaolalamika kuwa uzio huu ni mrefu mno. Mimi nasema uache usimame. Katika nchi ambayo mpaka wa Kuria umeona machozi kwa wizi wa ng'ombe, hatutaki kila kibanda chenye mvukuto kiwe karakana ya silaha.

Lakini uzio usio na mlango humfundisha mtu kuruka. Mwenye cheti akiona Nairobi ni mbali na gharama ni kubwa, atashawishika kumwendea kijana wa kuchomelea vyuma, ambaye ni hodari na rahisi. Kijana naye, kwa njaa au kwa kuona haya kusema hajui, atakubali. Hapo ndipo wote wawili wanapoangamia: mmoja kwa kuvunja sheria, na mwingine kwa kuweka shavu lake karibu na chuma asichokijua asili yake.

Kwa hiyo nasema, fundi wa kweli wa kazi hii hujulikana kwa kazi anazozikataa. Atakataa kuigusa bunduki kabla ya kuona cheti na kuilinganisha namba yake. Atakataa kuufupisha mtutu ati uingie ndani ya koti. Atakataa kufunga mtutu mpya juu ya mwili wa bunduki uliochoka au wenye ufa. Atakataa kukurudishia kazi kabla hajaijaribu bunduki mwenyewe, akiwa amesimama mbali nayo. Ukimwona fundi anayekubali kila kitu na kukuahidi kesho asubuhi, chukua mzigo wako uondoke.

Sisi Waislamu tulifunzwa tangu chuoni kwamba Nabii Daudi, amani iwe juu yake, alilainishiwa chuma, akaamrishwa afume deraya na apime sawasawa vikuku vyake. Tuitazame hekima hiyo: mtu aliyelainishiwa chuma na Mola wake hakuachiwa afanye kwa kukisia! Itakuwaje basi kwetu sisi tuliopewa chuma kigumu?

Waingereza walilifahamu jambo hili mapema. Nyumba ya kujaribia bunduki ya Birmingham iliwekwa mwaka 1813, na sheria yao ya 1868 iliweka masharti ya mitutu kujaribiwa kwa baruti nyingi kupita kawaida na kupigwa muhuri. Bunduki iliyotiwa mtutu mpya hurudi kujaribiwa tena. Sisi nasi twaweza kuwa na muhuri wetu. Serikali yetu ina mafundi wa silaha katika polisi na jeshi, nao wanapostaafu huondoka na ujuzi mkubwa. Wachache wao, waliochunguzwa na kuandikishwa, wangeweza kuruhusiwa kupita wilayani kwa siku maalumu, kazi ikafanywa katika kituo cha polisi mbele ya macho ya sheria. Hivyo mtu wa Migori hatakuwa na udhuru, na kijana wa jua kali hatatiwa majaribuni.

Mpaka siku hiyo ifike, mwenye bunduki na aulize kwa wenye leseni zao, agharimike, asubiri. Na kama gharama imemshinda, airudishe kwa polisi apewe hati yake, alale usingizi.