Kisukari cha Mimba si Mzigo wa Mama Peke Yake



Juma hili nataka kusema na akina mama wajawazito. Na zaidi ya hao nataka kusema na waume zao, na akina bibi wakaao nao nyumbani. Habari yenyewe ni ugonjwa wa sukari unaompata mama wakati wa mimba. Mimi si mganga. Nilisomea ualimu, na sasa kazi yangu ni kuandika vitabu vya parokia. Lakini mwenye kuandika ubatizo huonana na akina mama wengi, na haya niyaandikayo ndiyo wafundishwayo na wauguzi kliniki. Yafaa yafike mpaka jikoni.

Mara nyingi mama huenda kliniki mzima kabisa, hana homa wala maumivu. Anapimwa damu, kisha anaambiwa, "Mama, sukari yako imepanda." Anarudi nyumbani na kadi mkononi na moyo mzito. Jirani mmoja asema hayo ni maradhi ya matajiri. Mwingine asema ni jicho la mtu. Wa tatu asema si kitu, kwa kuwa mwenyewe hasikii kuumwa. Wote watatu wamekosa.

Basi tueleze kama darasani. Chakula chetu, hasa ugali, wali, ndizi na viazi, hugeuka kuwa sukari ndani ya damu. Sukari hiyo ni kama magunia ya mahindi yaletwayo kwenye ghala la chama cha ushirika. Lazima wawepo wapokeaji wa kuyaingiza ndani. Katika mwili mpokeaji ni insulini, itokayo katika kongosho. Mama akiwa na mimba, kondo la nyuma hutoa homoni zinazoufanya mwili usiitii insulini kama zamani. Kwa hiyo kongosho hulazimika kuongeza wapokeaji. Kwa akina mama wengi wanatosha. Kwa wengine hawatoshi, na magunia yanarundikana nje, yaani sukari inabaki katika damu. Jambo hili huonekana zaidi kati ya wiki ya 24 na ya 28. Mwenye ndugu wa kisukari, au aliyekwisha kuzaa mtoto wa kilo 4 na zaidi, yampasa kuuliza mapema. Lakini hata mama mwembamba, mlimaji hodari, aweza kupatwa. Hakuna uchawi hapo, wala hakuna aibu.

Je, hatari iko wapi? Sukari ya mama hupita katika kondo ikamfikia mtoto, lakini insulini ya mama haipiti. Mtoto hutengeneza insulini yake kwa wingi, naye hunenepa kupita kiasi. Sisi tukiona mtoto wa kilo nne na nusu twapiga vigelegele. Hatujui kwamba mabega yake yaweza kukwama njiani, akaumia yeye na mama yake. Tena kitovu kikikatwa, ile sukari ya mama imekoma, lakini insulini ya mtoto bado ni nyingi. Basi sukari yake yaweza kushuka ghafula. Na mama mwenyewe aweza kupandwa na presha.

Nimesema hatari ili tuamke, si ili tukate tamaa. Mwaka 2005 waganga wa Australia walitangaza uchunguzi wa wanawake 1,000 waliokuwa na ugonjwa huu. Kati ya waliotunzwa kama kawaida tu, watoto 4 katika kila 100 walipata madhara makubwa. Kati ya waliofundishwa chakula, wakapima sukari, na wakapewa insulini pale ilipohitajika, ni mtoto 1 tu katika 100. Basi utunzaji una faida kubwa. Tena wengi hutengemaa kwa chakula na mwendo tu, bila sindano.

Lakini chakula hicho kinapikwa na nani? Kinanunuliwa kwa fedha ya nani? Hapo ndipo neno langu la leo. Mama mmoja, ambaye jina lake halina kazi hapa, aliificha kadi yake majuma matatu chini ya godoro. Aliogopa kuambiwa ameleta ugonjwa nyumbani. Kila asubuhi mama mkwe wake, kwa upendo mtupu, alimletea bakuli la uji wenye sukari tele: "Kunywa, mwanangu, mko wawili." Naye alikunywa, akiogopa kukataa. Je, tumlaumu nani? Bibi alipenda, mume hakuuliza, mama hakusema. Alipoitoa kadi, ugomvi haukutokea. Mume wake aliisoma taratibu mara mbili, akaenda naye kliniki iliyofuata, na bibi akaanza kupika uji bila sukari kwa wote. Mpaka leo yule bibi asema kwamba miguu yake imekuwa myepesi!

Basi nyumba yenye mama wa namna hii ishike haya:

Kwanza, sahani. Nusu yake iwe mboga: mchicha, matembele, kisamvu, mlenda au kabichi. Robo iwe maharage, dagaa, yai, samaki au nyama. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali, wali, ndizi au viazi; kwa ugali, kadiri ya ngumi ya mama mwenyewe. Ugali wa dona ni bora kuliko wa sembe.

Pili, vinywaji. Chai, uji na maziwa visitiwe sukari. Soda na maji ya matunda yaliyokamuliwa yaachwe. Asali na sukari guru ni sukari vilevile, zisitudanganye. Tunda lililiwe zima, tena kidogo. Penye harusi au komunyo ya kwanza, mwenye karamu asimlazimishe mama kunywa soda. Ampe maji safi, naye ameheshimiwa.

Tatu, saa za kula. Asishinde na njaa ili ale sana usiku. Ale mara tatu, na vitu vidogo katikati, kama karanga kidogo au yai. Wakati wa Kwaresima mjamzito hadaiwi kufunga. Asijitese akidhani ndiyo ibada.

Nne, mwendo. Baada ya kula, atembee polepole robo saa au zaidi, kama kliniki haikumkataza. Baba, tembea naye. Lakini kumtwika ndoo mbili za maji siyo kutembea!

Tano, kupima. Kwa kawaida waganga hutaka sukari kabla ya kula asubuhi iwe chini ya 5.3, na saa mbili baada ya kula iwe chini ya 6.7. Kama zahanati yenu haina kipimo, ulizeni ni siku gani mwende hospitali, nauli iwekwe mapema.

Chakula na mwendo visipotosha, mganga atatoa vidonge au insulini. Wengi huogopa sindano hiyo, wakidhani atakayeianza hataiacha maisha yake yote. Sivyo. Wengi wa akina mama hawa huiacha mara wanapojifungua, na hiyo insulini haimdhuru mtoto. Ikae mahali pa baridi, mbali na jua na meko. Wasio na friji huifunga katika mfuko usiopitisha maji, wakaiweka katika chungu cha udongo kilichosimamishwa ndani ya mchanga ulioloweshwa. Mama atumiaye insulini akitetemeka, akitoka jasho na kuhisi njaa kali, sukari imeshuka mno: apewe upesi vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari katika maji, kisha ale. Hapo sukari ni dawa.

Mtoto akipunguza kucheza tumboni, au kichwa kikiuma sana na macho kuona ukungu, msingoje kesho. Nendeni hospitali siku hiyohiyo. Na kuzaa kwenyewe kuwe hospitalini penye kufanya upasuaji. Kama ni mbali, ulizeni habari za nyumba ya mama ngojea, aende kabla ya siku zake.

Mtoto akizaliwa, anyonye katika saa ya kwanza, maana maziwa huilinda sukari yake. Kwa kawaida kisukari cha mama huondoka baada ya kuzaa, na hapo watu husahau. Msisahau! Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2009, uliokusanya habari za nchi mbalimbali, ulionyesha kwamba mama aliyepata ugonjwa huu ana hatari kama mara saba ya kupata kisukari cha kudumu siku za mbele. Kwa hiyo apimwe tena kati ya wiki ya 6 na ya 12. Siku ya kumpeleka mtoto chanjo ya wiki ya sita au ya kumi, mama naye atoe kidole chake. Kisha apimwe tena angalau kila miaka mitatu, na ile sahani ya mboga ibaki mezani.

Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa. Baba, leo jioni usingoje kuambiwa. Muulize mwenzako kwa upole, "Kadi ya kliniki yasemaje?" Kisha muisome pamoja.

Kwaherini mpaka juma lijalo.