Ufuo wa Umma ni Amana

Jua linapoteremka kuelekea Bahari ya Arabu na joto la mchana likaanza kupungua, wakazi wa Mumbai, mji ambao wazee wetu waliujua kwa jina la Bombay, hutoka majumbani kwa makundi wakashika njia ya Chowpatty ya Girgaon, ufuo wa mchanga ulioko upande wa kaskazini wa Marine Drive, barabara ile ipindayo kandokando ya maji kwa kiasi cha kilomita tatu na nusu, ili wapate kupunga upepo. Hapo utamkuta karani aliyetoka kazini, ajuza anayeshikwa mkono na mjukuu wake, na vijana wachumba waliokosa faragha kwao. Wachuuzi nao huwa kazini: huyu anachanganya bhel puri, yaani bisi za mchele kwa vitunguu, viazi na chatini ya ukwaju, huyu anaponda mboga za pav bhaji juu ya kikaango kipana cha chuma, na yule anauza kulfi, yaani barafu ya maziwa. Hapana lango wala tikiti, wala hapana bawabu wa kumsaili mtu nasaba yake au kadiri ya mali yake; na jambo hilo, kwa rai yangu, ndilo fahari kubwa ya mji ule kuliko majumba yake yote marefu.

Nasema hivyo kwa sababu Mumbai, ambayo kwa hesabu ya watu ya mwaka 2011 ilikuwa na wakazi zaidi ya milioni 12, ni mji wenye dhiki kuu ya nafasi, ambamo mara nyingi ahali nzima hupika, husoma na hulala katika chumba kimoja. Kwa watu hao ufuo ndio sebule yao ya pekee, na anayeuzungushia ukuta huwa amewapokonya haki ambayo hawana pesa za kuinunua mahali pengine.

Tena mchanga ule una tarehe yake. Bal Gangadhar Tilak, kiongozi wa wapigania uhuru wa India, ambaye mwaka 1893 alianza kuieneza sikukuu ya Ganesh, mungu wa Wahindu, iwe ya hadhara, ili watu wakusanyike mbele ya macho ya serikali ya Kiingereza, alipofariki mwezi wa Agosti 1920 alichomwa kwa desturi ya dini yake papo hapo Chowpatty, mbele ya halaiki kubwa ya watu, na sanamu yake ingali imesimama pale. Kila mwaka sikukuu hiyo inapofikia tamati, masanamu ya Ganesh huletwa kwa ngoma na nyimbo yakatoswa baharini. Kwa hiyo ufuo ni baraza la raia pia, si mahali pa matembezi tu.

Wako wasemao kwamba umati ndio uharibuo, na kwamba heri pwani ikabidhiwe wenye mitaji, wailinde na kuitunza. Ni kweli kwamba maji ya Mumbai yamechafuka kwa taka za mji na kwa plasta na rangi za masanamu. Lakini dawa haikupatikana kwa kumfukuza maskini. Mwaka 2015, katika ufuo wa Versova mjini humo, wakili mmoja aitwaye Afroz Shah alianza kuokota taka pamoja na jirani yake mzee, watu wakamfuata makundi kwa makundi, hata Umoja wa Mataifa ukamtunukia heshima mwaka 2016. Umma unaotupa taka ndio umma uwezao kuzizoa, maadamu umejua kwamba mahali pale ni pake. Serikali nayo ina fungu lake: India ilitoa mwaka 1991 kanuni za kuzuia ujenzi wa ovyo kando ya bahari, na ingawa zimelegezwa baadaye, msingi wake ni wa insafu.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna udugu wa kale na bandari ile. Sayyid Barghash alipelekwa huko uhamishoni baada ya kumwasi nduguye, mtawala wa Unguja, mwaka 1859, na alipotawala Unguja tangu 1870 aliwaletea watu wake maji ya mabomba na kujenga Beit al-Ajaib, jumba lake la fahari, mambo ambayo wanahistoria aghalabu huyanasibisha na aliyoyaona Bombay. Forodhani ya Unguja, ambako watu hula na kuzungumza baada ya magharibi, ni shahidi kwamba tunaijua thamani ya baraza la wazi mbele ya bahari. Ilhali katika miji yetu mingi kuta zinazidi kusimama baina ya watu na maji, na vichochoro walivyopitia wavuvi na watoto vinafungwa kimoja baada ya kimoja.

Basi nawasihi madiwani na wakuu wa miji yetu: kabla ya kutia saini hati ya kiwanja chochote cha ufukweni, waiache wazi njia ya umma na kuiandika katika ramani. Nasi raia tuzoe taka zetu kabla ya kurudi nyumbani, kwani atakaye kudai haki ya mahali hana budi kupatunza.