Mashine ya kukamulia mihogo inunuliwe kwa hesi, si kwa rangi

VIKUNDI vingi vya wasindikaji wa mihogo vinapokwenda kwa fundi kununua mashine ya kukamulia, huangalia mambo mawili: bei na rangi. Ni wachache wanaoinama kuikagua skrubu ndefu iliyosimama katikati ya fremu, ilhali hiyo ndiyo inayofanya kazi yote. Hapo ndipo fedha za kikundi hupotea.

Mihogo haina subira. Ikishang'olewa huanza kuharibika ndani ya siku mbili au tatu, na zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji. Ndiyo maana hukunwa, ikatiwa kwenye viroba na kukandamizwa ili maji yatoke, pamoja na sehemu ya sumu ya mihogo michungu, kabla ya kuanikwa. Skrubu ikikwama siku hiyo, mihogo iliyokwisha kukunwa huchacha na mnunuzi wa unga huenda kwingine.

Kwa nini hukwama? Mara nyingi mtengenezaji hutumia bolti ya kawaida. Hesi zake, yaani yale meno yanayoizunguka, zimechongoka, kwa kuwa kazi yake ni kushika vyuma visiachane, si kutembea chini ya mzigo kila siku. Zikilazimishwa, huchubuka na kuila nati. Skrubu ya kukamulia inatakiwa kuwa na hesi pana zenye kichwa bapa, za mraba au zenye mbavu zilizolala kidogo kama tuta la viazi.

Faida yake inahesabika. Skrubu ya unene wa milimita 40 yenye hesi za milimita 7 hushuka milimita 7 kwa kila mzunguko. Ikiwa mpini una urefu wa sentimita 50 kutoka katikati, mkono hutembea zaidi ya mita tatu katika mzunguko huo. Hata msuguano ukila robo tatu ya nguvu, mtu anayesukuma kwa nguvu ya kilo 20 huikandamiza mihogo kwa uzito wa takriban tani mbili. Tena akiuachia mpini haurudi nyuma, hivyo viroba vinaweza kubaki vimebanwa usiku kucha.

Nati nayo ina lake. Inafaa iwe ya shaba, laini kuliko skrubu, na ifungwe kwa bolti badala ya kuchomelewa. Kwa njia hiyo nati ndiyo hulika kwanza, na kubadilisha nati ni rahisi kuliko kukereza skrubu mpya.

Wapo mafundi watakaosema kwamba hayo yanaongeza gharama. Ni kweli. Hesi za namna hiyo hukatwa kwenye mashine ya kukereza, ambayo nayo huongozwa na skrubu yake ndefu. Hiyo ikiwa imelika, kosa lake huhamia kwenye kila skrubu inayokatwa. Kwa hiyo si kila karakana inayoweza kazi hii. Lakini rahisi ghali: mashine inayokwama katikati ya msimu hugharimu mihogo, wateja na nauli za kumfuata fundi.

Mnunuzi hahitaji kuwa mhandisi. Azungushe skrubu kwa mkono kutoka mwanzo hadi mwisho. Isikaze mahali pamoja na kulegea pengine, wala nati isichezecheze. Akishainunua, aioshe kila baada ya kazi, kwani maji ya mihogo huleta kutu, kisha aikaushe na kuipaka grisi kidogo isiyodondokea chakula.

Wanaotoa mikopo kwa vikundi, zikiwamo halmashauri, nao wana sehemu yao. Hati ya manunuzi inayosema tu "mashine ya kukamulia, moja" humpa ushindi mwenye bei ya chini. Iandikwe aina ya hesi, unene wa skrubu na nati inayobadilishika. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa mwaka 1973, linafaa kuombwa ushauri kabla fedha hazijatoka.

Rangi huisha msimu wa kwanza. Kikundi kitakachobaki sokoni ni kile kilicholipia skrubu.