Sumu Inayotuliza Kichwa

Watu wanatuuliza juu ya sindano ya kuzuia maumivu ya kichwa. Je, ni kweli imetengenezwa kwa sumu? Ndiyo, ni kweli. Huko Ubelgiji, mwaka 1895, wapiga muziki walikula nyama ya nguruwe iliyoharibika baada ya mazishi. Viungo vikalegea, na watatu wakafa. Munganga Émile van Ermengem akaichunguza nyama ile, akakuta mdudu anayefanya sumu hiyo. Leo waganga hutumia kiasi kidogo sana cha sumu ileile, iliyosafishwa. Huchoma mahali 31, katika paji la uso, panja, kisogo, shingo na mabega, na kurudia kila majuma 12. Inazuia mishipa ya fahamu isipeleke habari za maumivu. Haiponyi kabisa, inapunguza siku za kuumwa. Uingereza na Marekani ziliikubali mwaka 2010 kwa wenye kipandauso sugu, ambao huumwa kichwa siku 15 au zaidi kila mwezi.

Mimi siidharau sindano hiyo. Lakini mtu wa Ankoro asiuze mbuzi na mtumbwi ili akaitafute mbali, kabla hajajibu swali moja: unameza vidonge mara ngapi? Mama mmoja aliumwa kila siku, na kila asubuhi alinunua vidonge sokoni. Hakuamini alipoambiwa kwamba vidonge vyenyewe vinaweza kuleta maumivu. Ndivyo ilivyo. Anayemeza parasetamoli au aspirini siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi mfululizo, kichwa chake huzoea, na huuma dawa inapokwisha mwilini. Akiacha, ataumwa zaidi kwa siku kadhaa (watu wa nyumbani wamvumilie, wasimkimbilie dukani), kisha wengi hupata nafuu.

Tena iko dawa ya kuzuia yenye bei ndogo. Propranololi, kidonge ambacho wengine humeza kwa shinikizo la damu, imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani kwa kuzuia kipandauso. Mwenye pumu asipewe. Kwangu mimi, heri kidonge hicho katika kila dispensari ya Lualaba na Luvua kuliko sindano moja katika mji mkubwa.

Lakini kichwa kinachoanza ghafula kwa nguvu nyingi, au chenye homa na shingo ngumu, au cha mama mwenye mimba anayevimba uso, hakingoji kidonge wala sindano. Mleteni siku ileile, hata kama ni usiku na kwa mtumbwi.