Kazi Hainunuliwi



Katika miji yetu ya pwani, tangu Lamu mpaka Mtwara, na katika visiwa vya Unguja na Pemba, umeenea mtindo ambao watu wauonea haya kuusema, kwa kuwa nyumba nyingi zina mkono ndani yake. Kijana amejifunza uashi, au useremala, au umeme, au kuchomea vyuma. Kazi hapa ni chache na ujira ni mdogo. Atokea mtu, na mara nyingi ni jamaa au jirani, asema anayo viza ya Bara Arabu, kazi ya ufundi, mshahara mzuri. Lakini yatakiwa pesa kwanza. Basi mama afungua sanduku atoe bangili zake, baba aweka rehani shamba la minazi, na wajomba wachangishana. Kijana aombewa dua, asindikizwa uwanja wa ndege, na nyumba nzima yakaa kungoja.

Mara ngapi tumesikia yanayofuata? Aliyeahidiwa ufundi wa umeme apewa ufagio. Aliyeahidiwa kampuni afika akaambiwa atafute kazi mwenyewe mitaani. Mwaka wa kwanza mzima wapita katika kulipa deni la kwenda, na bangili za mama hazirudi.

Sisi hatusemi kuwa kusafiri ni vibaya. Watu wa pwani wamekwenda na kaskazi na kusi tangu enzi za majahazi, na aliyekwenda kutafuta halali kwa mkono wake ni mtu wa kuheshimiwa. Tunalolipinga ni hili la kununua kazi. Kazi hainunuliwi. Mtu huajiriwa kwa kuwa yuko anayemhitaji, na anayemhitaji ndiye apasaye kugharimika. Akujiaye na kazi ya kukuuzia, mara nyingi hana kazi ya kukupa. Anachokuuzia ni deni.

Hebu tumtazame Nabii Musa (a.s.). Alitoka Misri hali ya kukimbia, hana mali wala jamaa, akafika Madyan, nchi asiyoijua. Kisa chake ki katika Suratul Qasas, nacho twakisoma kila mwaka katika Ramadhani, lakini ni wachache wanaokizingatia kwa upande wa kazi. La kwanza, kabla ya kuajiriwa kazi yake ilionekana: aliwanyweshea wanyama wale mabinti wawili waliokuwa wakingoja kando ya kisima. La pili, binti alipomshauri babake amwajiri, hakutaja kabila lake wala aliyemleta. Alitaja nguvu zake na uaminifu wake. La tatu, muda ulitajwa, miaka 8, na kama akitimiza 10 ni kwa hiari yake. Na malipo yalitajwa, kuozwa mmoja wa mabinti wale. La nne, mapatano yalifungwa na Mwenyezi Mungu akafanywa shahidi. Wala hatusomi popote kwamba Musa alitoa hata dirhamu moja ili apewe kazi ile.

Ukipima safari za vijana wetu kwa kipimo hiki, utaona ni upande gani tumepungukiwa.

Tuanze na ufundi wenyewe. Vijana wengi wa kwetu ni mafundi kweli. Wamejifunza kwa baba zao na kwa mafundi wa mitaani, wakashika mwiko na randa tangu utotoni. Lakini ufundi wao haujulikani ila kwa waliowaona wakiufanya, na tajiri wa Riyadh au Doha hakuwaona. Yeye aona karatasi. Mwaka 2021 Saudi Arabia ilianzisha mpango wa kuwapima mafundi wageni kwa mtihani, wakiwemo mafundi bomba, mafundi wa umeme, wa viyoyozi, na wa kuchomea vyuma, hata iwe baadhi yao wapimwa katika nchi zao kabla ya kusafiri. Maana yake ni kuwa zama za kusema "mimi ni fundi" zikatosha zaelekea kwisha.

Wala si karatasi tu. Umeme wa kwetu wenda kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na wa Saudi Arabia kwa 60. Huko fundi hutakiwa asome mchoro wa jengo, ilhali wengi wetu hufanya kazi kwa jicho na kwa kuambiwa. Fundi hodari wa Mombasa aweza kujifunza haya kwa miezi michache. Lakini yafaa ajifunze kabla ya kupanda ndege, si siku anayosimama mbele ya msimamizi asiyejua lugha yake.

Je! hapa kwetu hakuna pa kupimwa? Kenya iko NITA, ambayo huwapima mafundi kwa daraja la 3, la 2 na la 1. Tanzania bara iko VETA, nayo hupima na kurasimisha ujuzi wa fundi aliyejifunza kazini bila ya kukaa darasani. Unguja na Pemba iko Mamlaka ya Mafunzo ya Amali. Gharama ya mtihani ni ndogo mno ukiilinganisha na pesa anazopewa dalali. Na tazama ajabu yetu! Mzee aambiwa atoe kidogo mwanawe akapimwe ufundi, asema hana. Aambiwa mwezi wa pili atoe mara ishirini ya hizo apewe mtu wa viza, auza kiwanja.

Na khasara ya kutokuwa na cheti haiishii mlangoni. Katika nchi zile jina la kazi huandikwa katika kibali cha mgeni. Sheria ya kazi ya Saudi Arabia yakataza mtu kufanyishwa kazi isiyokuwa ile iliyoandikwa katika kibali chake. Kijana aliyeandikwa "amil", yaani kibarua, ni kibarua mbele ya sheria hata kama siku nzima achomea vyuma vya ghorofa ya kumi. Ujira wa fundi hatauona, na akidai ataambiwa: soma karatasi yako.

Na karatasi hiyo ndiyo jambo la pili, mkataba. Sisi tumesoma Kurani tangu vyuoni, herufi za Kiarabu twazijua kabla ya herufi za Kizungu. Lakini ni wangapi wetu wawezao kuufahamu mkataba wa kazi wa Kiarabu? Kijana hutiwa mbele ya karatasi yenye lugha mbili, aangalia upande wa Kiingereza, atia sahihi. Na sheria ya Saudi Arabia yasema wazi kuwa maneno yakikhitalifiana, ya Kiarabu ndiyo yashikwayo. Wengine hutia sahihi mkataba mmoja hapa, na wakifika huko wapewa mwingine wenye mshahara mdogo zaidi, na wakikataa waambiwa warudi kwao. Warudi na nini, ilhali shamba li rehani?

Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Suratul Baqara deni liandikwe, na mwandishi aandike kwa uadilifu, na wawepo mashahidi. Ikiwa deni la mafungu machache ya pesa lataka haya, sembuse miaka miwili ya uhai wa mtoto wa watu? Nayo sheria ya Kenya ya kazi ya mwaka 2007 yataka mkataba wa kazi ya nchi za nje ushuhudiwe na ofisa wa kazi, naye ahakikishe kuwa mtu amekubali kwa hiari yake na kuwa afya yake yafaa kwa kazi hiyo. Tanzania iko ofisi ya serikali ya huduma za ajira, na Zanzibar iko Kamisheni ya Kazi. Milango hii i wazi. Dalali akuambiaye usipite huko kwa kuwa "itachelewesha mambo" amekwisha kukujulisha yeye ni nani.

Jambo la tatu ndilo kubwa, nalo ni hizo pesa. Wazee wetu waamini kuwa kulipia viza ndiyo desturi ya nchi zile. Sivyo. Sheria ya kazi ya Saudi Arabia yamtwika mwajiri gharama za kumleta mgeni, na ada ya kibali, na tiketi ya kumrudisha kwao mkataba ukisha. Sheria ya Imarati ya mwaka 2021 yamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kuajiriwa, waziwazi au kwa njia ya kuzunguka. Basi pesa zile tunazozitoa zaenda wapi? Zagawanywa njiani baina ya watu wasioshika nyundo wala msumeno.

Na mbaya kuliko zote ni ile iitwayo "viza huru". Jina ni tamu, lakini ndani yake mna mtego. Mtu wa huko aazima jina lake awe kafili, apokea pesa, kisha amwambia kijana ajitafutie kazi kwa yeyote. Kufanyia kazi mtu asiyekuwa kafili wako bila ya ruhusa ni kosa katika nchi zile. Basi kijana huyo hana hata siku moja ya uhuru. Tajiri aliyemfanyia kazi akimnyima ujira, hawezi kwenda kushtaki, kwa sababu kushtaki ni kujishtaki mwenyewe. Na wale waendao kwa viza ya matembezi wakitumai kupata kazi wakifika, hali yao ni hiyo hiyo.

Huenda mtu akasema: riziki ni ya Mwenyezi Mungu, sisi twatawakali. Jawabu yake ni kuwa riziki kweli ni ya Mwenyezi Mungu, lakini hakuna aliyetawakali kuliko Musa, naye alijua muda wake na ujira wake kabla ya kuchunga mbuzi mmoja. Kutawakali ni kufanya yakupasayo kisha ukamwachia Mola. Kumpa dalali pesa bila ya risiti si tawakali. Ni uvivu uliovishwa kilemba.

Mwingine atasema: sheria hizo zimeandikwa tu, huko hazifuatwi. Ni kweli kuwa wako matajiri wasiozifuata, nasi hatutawasitiri kwa kuwa ni Waislamu wenzetu. Amesema Mtume (s.a.w.), akipokea kwa Mola wake, kuwa watu watatu Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa khasimu yao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni yule aliyemwajiri mtu, akaistakimilisha kazi yake, kisha asimlipe. Anayezuia mshahara wa fundi na pasi yake ya kusafiria, kisha akasimama safu ya kwanza msikitini, na ajue khasimu yake ni nani. Lakini tuulizane: sheria ikiwa dhaifu, ni nani awezaye kuitumia? Qatar imeweka kima cha chini cha mshahara tangu mwezi wa Machi 2021, riyali 1,000, na juu yake 500 za malazi na 300 za chakula ikiwa tajiri hakuvitoa. Saudi Arabia tangu mwezi huo huo imewaruhusu mafundi na wafanyakazi wa makampuni kuhamia kwa mwajiri mwingine kwa masharti, baada ya kutimiza mwaka. Imarati, Saudi Arabia na Qatar zote zimeamrisha mishahara ipite benki ili iwepo hujja. Haya yamfaa mwenye mkataba wa kweli na jina la kazi yake ya kweli. Asiyekuwa nayo, atamwonyesha nini kadhi?

Na wa tatu atasema: mtoto wa fulani alikwenda kwa viza huru, na leo amejenga nyumba. Jawabu ni kuwa aliyefaulu huonekana kwa nyumba yake, na walioharibikiwa hawaonekani, kwa kuwa wamefichwa na aibu ya wazee wao. Usihesabu majahazi yaliyofika bandarini ukasema bahari haina mwamba.

Basi twawaambia wazee: kabla ya kutoa hata senti moja, ulizeni haya. Kijana wetu amepimwa ufundi wake, na cheti chake kiko wapi? Jina la mwajiri ni nani, kazi gani imeandikwa, mshahara ni kiasi gani, na muda ni miaka mingapi? Ni nani aliyeufasiri mkataba huo wa Kiarabu, na nakala yake i nyumbani? Ofisa wa kazi ameuona? Na kama twatakiwa tulipie kazi, ni kwa nini, ilhali mwenye haja ya fundi ni yeye?

Twawaambia maimamu na walimu: Kiarabu mkifundishacho msikiishilize katika nahau. Fundisheni pia maneno ya mkataba: ujira, muda, likizo, fidia. Mwenye kumwokoa kijana mmoja na karatasi ya udanganyifu amefanya kazi ya dini.

Na nyinyi mlio katika biashara ya viza, mwajua mnayoyafanya. Ujira wa udalali wenu mdaini kwa tajiri aliyewatuma, na hapo hamna lawama. Ama bangili za mjane alizozivua kwa sababu ya maneno yenu, hizo zitakuja kuulizwa mahali ambapo hakuna viza ya kutorokea.

Mola awalinde vijana wetu walioko ugenini, awarudishe kwa salama na haki zao mikononi, na atupe sisi macho ya kuona kabla ya kutoa. Amin.